Umefika Ukurasa wa Ngapi?

Nilifundisha Kiswahili kwa miaka 31 katika shule za sekondari hapa Kwale, na katika ile 20 ya mwisho sikufungua kitabu cha hadithi ambacho hakikuwa cha mtihani. Wanafunzi wangu hawakulijua hilo. Walinisikia nikiwataja waandishi Shaaban Robert na Said Ahmed Mohamed kama watu wa jirani, wakadhani nyumbani nina maktaba. Nyumbani nilikuwa na miongozo: vile vijitabu vyembamba vyenye dhamira, maudhui na sifa za wahusika zikiwa zimepangwa tayari, wewe kazi yako ni kuzihamishia ubaoni.

Siku Njema nilikifundisha hivyo. Utengano, hivyo hivyo. Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri nilivipitisha mkondo ule ule. Kitabu kikitolewa kwenye orodha ya mtihani, kwangu kilikuwa kimekwisha. Wanafunzi nao, mtihani wao ukiisha, walikiuza kwa kidato cha chini yao, kimejaa mistari ya kalamu nyekundu, pembeni pameandikwa "swali". Wao walikisahau, na mimi pia.

Aprili 2020, nikiwa nimekwisha kustaafu, nilitoka Msambweni kwenda Ukunda kununua dawa za presha. Zilikuwa siku za korona. Serikali ilikuwa imefunga njia za kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Ndege za watalii zilisimama tangu Machi, na barabara ya Ukunda kwenda Diani, ambayo siku zote ni vurugu tupu, ilikuwa kimya. Tuktuk zilijipanga kivulini bila abiria. Katika moja dereva alikuwa amejilaza kiti cha nyuma, miguu nje, kitabu usoni. Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Mgongo wake ulishonwa kwa uzi wa nyavu, ule wa kijani, mishono mitano iliyokazwa kwa fundo la mvuvi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nilimtambua kwa sauti. Nilimfundisha zamani, kijana mpole wa kukaa nyuma. Habari za kifo cha Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema, zilikuwa zimetufikia siku zile zile, na kijana alikuwa amerudi nyumbani kwao kuitafuta Siku Njema yake ya shule kwenye sanduku la nguo. Akaniambia, "Mwalimu, darasani nilikijua kwa maswali yake. Sasa ndiyo nakisoma." Halafu akanieleza jambo ambalo katika miaka minne ya kumfundisha sikuwahi kumwuliza. Kongowea, mhusika mkuu wa kitabu, anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba yake. Baba yake yeye alitoka hapa akaenda Tanga, kwa jamaa zake, Wadigo wenzetu wa ng'ambo ya Lungalunga, na hakurudi. Kijana alikuwa na miaka sita.

"Na wewe, Mwalimu, siku hizi unasoma nini?"

Nikamjibu, "Vingi."

Neno hilo nililibeba mpaka nyumbani. Lilikuwa uongo, na nilimwambia mtu aliyekuwa amenieleza ukweli wa maisha yake dakika ile ile. Usiku sikulala vizuri. Wiki iliyofuata nilirudi Ukunda, nikamwomba kitabu akikimaliza aniazime.

Nilikisoma kwa siku tisa, bila kalamu mkononi. Zainabu Makame, mama yake Kongowea, nilikuwa nikimfundisha kwa nukta tatu: mwimbaji wa taarabu, mvumilivu, mwenye mapenzi kwa mwanawe. Hayo ni kweli yote. Lakini nilipomfuata ukurasa kwa ukurasa, bila haraka ya kengele, nilimwona mama yangu mwenyewe akiwa na ngoma ya wanawake kule Gazi, leso kiunoni, amenipa mgongo. Niliweka kitabu kifuani nikakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri. Wanafunzi mia ngapi nimewapitisha kwenye kitabu hiki, nami sijaingia?

Basi nikaanza kutafuta vitabu. Si kazi rahisi upande wetu. Maduka ninayoyajua Ukunda huuza vya shule, na ukitaka riwaya ya zamani uvuke feri ya Likoni ukatafute Mombasa mjini. Katika hoteli moja ya Diani nimeona rafu nzima ya riwaya zilizoachwa na wageni, za Kijerumani, Kiitaliano na Kiingereza, zimevimba kwa hewa ya chumvi. Cha Kiswahili hakikuwemo hata kimoja, na wanaopangusa vumbi la rafu ile ni watoto wetu tuliowafundisha kusoma. Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma. Njia ikafunguliwa, jamaa yangu akawa ananiletea vitabu kutoka Tanga. Safari moja ofisa wa forodha alimfungulisha mfuko pale mpakani Horohoro, akakuta vitabu vinne vya Shaaban Robert, naye Shaaban mwenyewe alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi. Ofisa alivifunga tena akampa.

Nikapata rafu. Na nilipopata rafu, ule ualimu ukanirudia kwa mlango mwingine.

Nikaanza kugawa vitabu kama daktari anavyoandika dawa. Namtazama mtu, naujua ugonjwa wake, nampa kitabu. Kijana wa muguka nilimpa Adili na Nduguze, ajifunze adili. Jirani mgomvi nilimpa Utubora Mkulima. Vyote vilirudi baada ya siku mbili, safi, havijafunguliwa. Sikujiuliza kwa nini.

Mwaka 2022 nilimpa Utengano binti mmoja wa mtaa wetu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasuka nywele katika saluni ya Ukunda, anarudi usiku. Watu walikuwa wakisema maneno juu yake na Diani. Mnajua maneno yanayosemwa juu ya binti yeyote wa huku anayechelewa kurudi kutoka upande wa bichi. Mimi niliyasikia, nikayaamini, nikachagua kitabu. Maimuna wa Utengano anafungiwa ndani na baba yake, anatoroka, anaanguka katika ulevi na ukahaba, baadaye anainuka. Nilimkabidhi binti nikamwambia, "Soma, mwanangu, kitakusaidia."

Siku ya nne, baada ya magharibi, mama yake alikuja. Kitabu alikifunga kwa leso. Hakuketi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, karibu."

"Nimekurejeshea amana yako. Mwanangu amekisoma mpaka kati, akaja kuniuliza: mama, Mwalimu ananiona mimi ndiye huyu?"

Sikuwa na la kusema. Alifungua fundo la leso polepole, akakiweka kitabu barazani, akakipangusa kwa kiganja kama kwamba kimeingia mchanga. "Na mimi nimekisoma," akasema. "Nimekimaliza. Kitabu ni kizuri mno. Nilimlilia yule mtoto. Lakini ungemwambia mwanangu, nimesoma kitabu kimenichoma moyo, nataka na wewe ukione, angekisoma kwa raha. Wewe umemwambia kitamsaidia. Kumsaidia na nini, Mwalimu?"

Mwanawe anarudi usiku kwa sababu wateja wa nywele huja wakitoka kazini. Angeniambia hayo mwenyewe lau ningeuliza. Nilimwomba radhi mama pale pale, na asubuhi nilikwenda kwao kumwomba radhi binti mbele ya watu wa nyumbani, kwa sababu maneno niliyoyaamini yalisemwa mbele za watu. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufua.

Kwa miezi kadhaa sikumpa mtu kitabu. Nilisoma tu. Nilikuwa nikishuka ufukweni Mkunguni asubuhi, wavuvi wakisubiri maji, nakaa chini ya mti na kitabu changu. Akinijia mtu kuuliza, ninamweleza kilichonishika mimi, na pale nilipokwama. Sisemi kinafundisha nini. Ni jambo dogo, na kwa mtu aliyetumia miaka 31 kueleza kila kitabu kinafundisha nini, lilikuwa gumu kama kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Wa kwanza kunisogelea alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini Kilindini tangu ujana wake. Nilikuwa nasoma Kuli ya Adam Shafi, habari za Rashidi na makuli wa bandari ya Unguja mpaka mgomo wa 1948. Macho yake hayaoni tena maandishi, akaniambia nisome kwa sauti. Nilisoma kurasa mbili. Akaninyanyulia mkono nisimame, akavua shati, akageuza bega la kulia. Nyama ya pale imekuwa ngumu, ina mng'ao, kama kisigino. "Soma sasa," akasema. Kila nilipofika kwenye gunia alinisimamisha: kulabu inashikwa hivi, goti linatangulia hivi, unamtazama mwenzako wala hutazami mzigo. Baba yake alikuwemo katika mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947, mwaka mmoja kabla ya ule wa Unguja, na mambo aliyosimuliwa na baba yake hakuwa ameyatoa mbele ya wajukuu, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Kitabu cha kurasa zisizofika 250 tulikisoma kwa miezi mitatu. Vijana wa madau waliacha simu zao wakaja kukaa.

Toka hapo ikawa desturi. Atakaye kitabu anakichukua, na akikirudisha anatuambia kimoja tu: alifika wapi akashindwa kukiweka chini, au alifika wapi akakiweka. Jibu la pili lina heshima sawa na la kwanza. Fundi mmoja wa mikeka alikaa na Wasifu wa Siti binti Saad tangu kusi mpaka kaskazi, kitabu chenyewe chembamba. Aliporudi alisema alikuwa akisoma ukurasa mmoja kwa kila mkeka. Siti alizaliwa Fumba, mtoto wa mfinyanzi, akitembeza vyungu mpaka mjini kabla ya sauti yake kujulikana na kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Yule fundi wa mikeka alikwama kwenye vyungu. "Kumbe alikuwa akiuza kwa mkono," alisema, na akakaa kimya kwa muda. Mimi katika kitabu hicho vyungu nilivipita mbio, nikikimbilia Bombay.

Mwenyewe nimemaliza Peponi mwezi uliopita. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Nobeli ya fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, Ida Hadjivayanis akaifasiri, na Mkuki na Nyota wakaitoa Dar es Salaam mwaka 2022. Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomweka rehani kwa tajiri ili alipe deni, na mtoto anapandishwa treni akidhani anakwenda kutembea kwa ami yake. Niliisoma taratibu sana mwanzoni, kwa sababu maneno ya nyumba yetu yalikuwa yamekwenda mbali kwa lugha ya watu na sasa yanarejea, na nilitaka kusikia kama yanabisha hodi kama wenyeji au kama wageni. Yanabisha kama wenyeji. Nilipokwama ni kwenye bustani ya tajiri, ile yenye maji na mikomamanga, ambayo Yusuf anaitamani naye ni mtumwa wa deni pale pale. Nimewaambia watu wa Mkunguni nimekwama hapo, basi. Kitabu sasa kiko kwa dereva wangu wa tuktuk. Ananitumia ujumbe usiku, mara nyingine neno moja tu: "Ami!"

Yule binti wa saluni hakuja Mkunguni hata siku moja, nami sikumtarajia. Jumamosi iliyopita nilipanda matatu Ukunda, akaingia nyuma yangu, akakaa kiti cha pembeni. Tulisalimiana. Tulipopita Gazi alifungua mkoba wake, chini ya nywele za bandia na chanuo, akatoa Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi. Alikuwa ameiona filamu yake kwenye simu ya rafiki, akakitafuta kitabu mwenyewe Mombasa. Akaniuliza kama nimekisoma. Nikamwambia ukweli, kwamba bado.

"Basi chukua. Mimi nimekimaliza jana." Akakiweka juu ya goti langu. "Sikwambii Yasmin anafanya nini. Ila mwanzoni tu, pale anapoozwa mume wa kumzaa, pumzika kwanza, ndiyo uendelee."

Alishuka Msambweni kwenye kituo cha hospitali, akatembea hatua chache, akarudi mpaka dirishani.

"Nitakuuliza umefika ukurasa wa ngapi, Mwalimu."

Ameuliza Jumatatu, ameuliza Jumatano, na leo asubuhi tena. Nimemjibu: wa 61, na nimepumzika.