Maneno ya Kiingereza na Akili ya Mashine



Wengi wametuuliza, sisi wa klabu ya Kiingereza: "Ninyi munasoma Kiingereza ao munasoma mashine?" Tunajibu kwamba tunasoma vyote viwili. Tangu muhula wa kwanza tunajifunza maneno kwa kusikiliza hotuba juu ya akili bandia, ndiyo ile akili ya kutengenezwa inayotiwa katika kompyuta. Tunapenda kueleza hapa namna tunavyofanya na faida tuliyoona, ili anayetaka aje kuketi pamoja nasi.

Kazi yenyewe si ngumu. Mwalimu anakuja na hotuba moja katika simu yake. Tunaweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti itoke na nguvu, na tunasikiliza mara tatu. Mara ya kwanza hakuna kuandika, ni masikio tu. Mara ya pili kila mmoja anaandika katika kaye yake maneno aliyoyasikia, hata kama hajui maana. Mara ya tatu tunasimamisha simu pale penye neno, na tunabishana. Neno halipiti mpaka mmoja wetu ametunga nalo sentensi juu ya mambo ya hapa kwetu: shamba, soko, mpira.

Hotuba iliyotupa chakula kingi ni ya Bibi Fei-Fei Li, mwalimu wa chuo kikuu cha Stanford, aliyoitoa mwaka 2015 mjini Vancouver, Kanada. Yeye mwenyewe alizaliwa China mwaka 1976, akafika Marekani akiwa kijana wa shule, na Kiingereza alikuwa anakijua kidogo tu. Jambo hilo lilitutia moyo. Anaeleza namna yeye na wenzake walivyofundisha kompyuta kutambua vitu katika picha. Walikusanya picha karibu bilioni moja katika intaneti. Kisha watu karibu 50,000 wa nchi 167 wakazichambua na kuandika kila picha ni ya nini. Mwaka 2009 kazi hiyo ikatoa picha milioni 15 za vitu vya namna 22,000, vilivyopangwa kwa maneno ya Kiingereza ya kila siku. Picha za paka peke yake zilikuwa 62,000. Kumbe mashine nayo ilipita katika somo la maneno kama sisi!

Sasa tutazame maneno machache. "Label" ni karatasi ndogo inayobandikwa juu ya chupa ya dawa ili mtu ajue kilichomo. Ndiyo kazi waliyofanya wale watu 50,000. "Data" inatoka katika Kilatini, na maana yake ni vitu vilivyotolewa. Kifaransa kinasema vilevile, "données". Mmoja wetu akauliza palepale: "Vilitolewa na nani?" Ni swali zuri, kwa maana picha hazikuanguka toka mawinguni, zilipigwa na watu. "Train" ni gari la moshi, tena ni kuzoeza: kocha anazoeza timu, na mhandisi anazoeza mashine. Hapo Kifaransa kilitusaidia na neno lake "entraîner". "Layer" ni tabaka, kama matabaka ya udongo yanayoonekana mtu akichimba kisima. Tena ni kuku wa mayai, na hapo kila mtu alicheka.

Neno "artificial" lilitushika saa nzima. Wengine walitaka liandikwe "ya uongo". Lakini mtu aliyewekewa mguu wa kutengenezwa anatembea nao kweli, anafika sokoni na kurudi. Neno linasema tu kwamba kitu kimefanywa kwa ufundi wa watu. Na "intelligence" kwa Kiingereza ni akili, tena ni habari za upelelezi. Maneno haya mawili yaliandikwa pamoja mwaka 1955 na John McCarthy na wenzake watatu, walipoomba fedha za mkutano wa wataalamu uliofanyika mwaka 1956 katika chuo cha Dartmouth, Marekani. Ndiyo kusema, ni watu waliochagua jina hilo. Mashine haikujiita yenye akili.

Sasa tufike penye ubishi. Wenzetu wengine wanasema: "Juu ya nini kujitesa? Andika Kifaransa, simu itageuza." Hatukatai, simu inageuza, tena mara nyingi vizuri. Lakini Bibi Li mwenyewe alionyesha picha ya mtoto mwenye mswaki, na mashine ikasema ameshika fimbo ya beziboli, mchezo wa Wamarekani. Sababu ni kwamba ilikuwa haijaona miswaki ya kutosha. Sisi tulicheka sana. Kisha tukajiuliza: tungecheka namna gani kama hatukujua neno "toothbrush"? Asiyejua neno angeandika fimbo katika kaye yake, na angesema asante.

Tangu 2015 mashine zimeendelea mbali. Tangu mwisho wa mwaka 2022, ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote, zinatunga hata barua na insha. Walakini zinakosea bado, tena kwa lugha safi kabisa. Kwa jambo hilo Kiingereza kina neno "hallucinate", ni kuona kisichokuwapo, kama mgonjwa wa homa kali. Kosa lililovaa nguo safi linakamatwa na mwenye maneno tu. Kesho mmoja wetu ataandika kwa Kiingereza barua ya kuomba kazi ao nafasi ya chuo. Jina litakalokuwa chini ya barua ni lake, si la simu.

Kuna jambo lingine. Zile namna 22,000 zilipangwa kwa maneno ya Kiingereza. Je, nani ataandika jina chini ya picha ya sombe, ao ya mwiko wa mama? Mashine inajua kile ilichoonyeshwa. Kama sisi hatuandiki lugha yetu, itaonyeshwa nini? Kwa hiyo kaye zetu zina mistari mitatu: Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili. Pale ambapo Kiswahili hakina neno moja, tunaeleza kwa maneno matano. Mstari huo wa tatu ndio unaotutoa jasho, na ndio unaoonyesha kama tumeelewa kweli ao tumeshika kwa kichwa tu.

Wadogo wetu wa madarasa ya chini, msiogope. Njooni na kaye, kalamu na masikio. Neno la juma lijalo ni "bias". Anayelijua aje atufundishe, na asiyelijua aje mapema apate kiti karibu na sufuria.

Sisi wanafunzi wa klabu ya Kiingereza