Siku Kibarua Kilipotaka Kuota Nyasi

Msomaji wangu, kama hujawahi kukabidhiwa bahasha ya kaki saa 11 jioni, pochi iko begani na roho iko kwenye daladala, basi mshukuru Mungu wako. Mimi yamenikuta. Ilikuwa Jumatano moja ya mwaka 2022, na mpaka leo nikiona bahasha ya rangi ile tumbo linanikata.

Wakati huo nilikuwa keshia katika duka moja la jumla pale Kariakoo. Jina nalihifadhi, maana Dar ni ndogo. Mshahara shilingi 280,000 kwa mwezi, chumba Tabata, na mdogo wangu wa kidato cha pili ananitazama mimi kwa nauli na madaftari. Kibarua kile ndicho kilikuwa baba, ndicho kilikuwa mama.

Ile kufungua tu, nikaona giza. Eti Jumamosi iliyopita mashine yangu ilikuwa na upungufu wa shilingi 312,000, na eti kesho yake saa 3 asubuhi nifike mbele ya kikao cha nidhamu kujibu tuhuma za wizi. Wizi! Yaani zaidi ya mshahara wangu wa mwezi mzima, halafu niwe nimekwenda nazo nyumbani kwa daladala nikipigania dirisha! Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja kwamba naruhusiwa kuja na mfanyakazi mwenzangu wa kunisaidia. Mstari ule niliupita kama unavyopita tangazo la mganga kwenye nguzo ya umeme.

Nyumbani nililia mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga. Mchumba wangu wa siku hizo akapiga simu akisema, "Nakuja na wewe, nitawaonyesha." Mama naye, kutoka Morogoro, akataka kumtuma mjomba, mwanajeshi mstaafu, aje na suti yake ya sikukuu. Kila mtu alikuwa na mtu wa kunipa. Nikawa kama bibi harusi anayetafutiwa mshenga.

Aliyenitoa gizani ni yule jirani aliyegonga, mzee aliyefanya kazi kiwanda cha nguo miaka mingi na kuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi pale tawini kwao. Aliisoma barua mara mbili, akavua miwani. "Mwanangu, mjomba wako hata aje na medali zake zote, ataishia getini." Akanieleza kwamba kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, na kuna kanuni zake za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42. Humo ndimo imo haki ya kusaidiwa kwenye kikao, na msaidizi ni wa aina mbili tu: mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Mchumba hayumo, mjomba hayumo. Tena muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48, na anayeongoza kikao awe mtu wa uongozi ambaye hakuhusika na mkasa wenyewe. Na hata wakinifukuza, ninazo siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mimi niliyeishia kidato cha nne nilidhani mambo hayo ni ya wakubwa wenye mikoba ya ngozi. Usiku ule ule mzee akanisimamia nikaandika barua ya mistari sita kuomba muda. Asubuhi nikamkabidhi afisa utumishi mkono kwa mkono, na nakala nikaomba anisainie. Alinitazama kama mtoto aliyeuliza bei ya ndege. Lakini mchana kikao kikasogezwa hadi Jumatatu.

Sasa kasheshe ikabaki kumpata huyo msaidizi. Chama hatukuwa nacho pale dukani, kwa hiyo lazima awe mwenzangu. Nikamwendea shoga yangu, keshia wa mashine ya tatu, tuliyekuwa tunakula sahani moja. Akashusha macho. "Shoga, nakupenda, ila nina mtoto anasoma." Niliumia, lakini jamani, nisimseme vibaya. Ningekuwa mimi labda ningejibu hivyo hivyo. Kijana wa stoo alikubali kwa mbwembwe, Jumapili usiku akatuma ujumbe kwamba kashikwa na homa ya ghafla. Mlinzi wa mlangoni alikuwa tayari kabisa, kumbe yeye kaajiriwa na kampuni ya ulinzi, sio mwenzetu.

Jumatatu saa 2 na nusu nilikuwa jikoni kwa chai, nimekata tamaa, machozi yanadondokea kwenye kikombe. Mama wa usafi, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, alikuwa anasuuza vyombo. Bila kugeuka akasema, "Makaratasi yenu mimi siyajui sana. Lakini kukaa kwenye kiti naweza." Akafuta mikono, akavua aproni, akajifunga khanga vizuri. Tukapanda ngazi.

Ofisi ya juu ilikuwa na kiyoyozi kinachogandisha mpaka kucha. Mwenyekiti alikuwa meneja wa tawi jingine, ambaye sikuwahi kumwona. Supavaiza wetu akasoma tuhuma kwa sauti ya kusoma risala. Alipofika kwenye neno "mazoea", kwamba nina mazoea ya kupoteza fedha, nikaruka juu. Nilianza kupayuka, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kiingereza cha kuokoteza, mara nataka kuapa kwa kaburi la baba. Nikahisi mguu wangu umekanyagwa chini ya meza. Bi Mkubwa akasema kwa upole kabisa, "Mheshimiwa, mtoto anaomba maji." Nani atamnyima mtu maji? Tukapewa dakika tano.

Kule kwenye korido hakunibembeleza hata kidogo. "Wewe unamjibu yule kijana. Usimjibu yeye, jibu kilichoulizwa. Halafu niambie, Jumamosi saa ya kula ulimwachia nani mashine?" Nikasema niliiacha tu. Akatikisa kichwa. "Haya, rudi ukaulize nani alikaa pale."

Nikarudi, nikauliza hivyo hivyo kama kasuku. Supavaiza akajibu kwamba hakuna aliyekaa, mashine ilikuwa imefungwa. Hapo Bi Mkubwa akanyosha kidole kama mwanafunzi. "Mheshimiwa, siku ile nilikuwa nadeki pale. Nilimwomba kaka huyu anyanyue miguu nipitishe dekio. Akanyanyua, akaendelea kumhudumia mteja."

Kimya. Kiyoyozi tu ndicho kilichokuwa kinaongea.

Mwenyekiti akaagiza orodha ya risiti za siku ile. Kati ya saa 7 na dakika 5 na saa 7 na dakika 40, nikiwa kwa mama ntilie nagombana na mifupa ya samaki, zilitoka risiti 14 kwa namba yangu. Nani alichukua zile fedha sijajua hadi leo, na simtaji mtu. Namba za siri pale dukani tulikuwa tunajuana kama majina ya ubatizo. Kosa la kuacha mashine wazi lilikuwa langu na nililikubali. Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kusema kabla hajaamua, nikamweleza habari za mdogo wangu kwa sauti ya mtu mzima, bila kulia. Nikapewa onyo la maandishi. La wizi likafutwa.

Siku ile nilitembea kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja bila kujua nakwenda wapi, kwa raha tu.

Miezi mitatu baadaye mkataba wa Bi Mkubwa ulikwisha, na haukuongezwa. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya kile kikao. Hakuna aliyesema chochote. Nilikwenda kwa mzee jirani nikitaka tupeleke suala lake Tume, nikampigia na mwenyewe simu. Akakataa katakata. "Niache nipumzike, miguu yangu imechoka na ngazi zao." Mimi niliacha kazi mwaka uliofuata, nikaanza kuhangaika na kalamu hii.

Siku hizi anauza vitumbua mbele ya nyumba yake Mbagala. Nikipata nafasi naenda Jumapili. Nikimgusia habari za siku ile anageuza mazungumzo, anauliza mdogo wangu amefikia wapi na shule. Mara ya mwisho nilinunua vya shilingi 2,000, nikampa noti ya 10,000 nikamwambia akae na chenji. Akanihesabia chenji yangu yote, noti kwa noti, akanitazama mpaka nilipoiweka kwenye pochi.