Kustaafu si kuketi kivulini

Ukimwuliza Mkenya aliyebakisha miaka mitatu kustaafu ana mipango gani, jibu huwa tayari mdomoni. Atafuga kuku wa mayai. Atapanda miti. Atajenga vyumba vya kupangisha kwa kiinua mgongo chake, kisha aketi chini ya mwembe akisubiri pensheni. Tangu mwaka 2009 mtumishi wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60 badala ya 55, kwa hivyo muda wa kupanga si haba. Hata hivyo, liko swali moja ambalo huulizwa na wachache mno: huyo mume au mke uliyeishi naye kwa simu na kwa likizo za Desemba miaka yote ya kazi, mtaishi vipi mkibaki wawili?

Swali hilo liliingia nyumbani kwangu kupitia kwa majirani.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, fleti iliyo chini ya yetu hapa Kilimani ilipata wapangaji wapya. Walikuwa Wamarekani wawili wenye mvi, mume na mkewe, kutoka jimbo la Utah. Bwana alikuwa na miaka 68, bibi 66. Kazi zao walikuwa wamekwisha kuzimaliza. Bwana alikuwa fundi wa mitambo ya maji, bibi karani wa shule. Kila mmoja alivaa kifuani kibao kidogo cheusi chenye jina. Walikuwa wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi wetu huwaita Wamormoni.

Kanisa hilo lilisajiliwa nchini mwaka 1991, na wakazi wa Nairobi wamezoea kuwaona vijana wake wakitembea wawili wawili, shati jeupe na tai. Wavulana hutumikia miaka miwili, wasichana miezi 18. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kanisa hilo hutuma pia wazee waliostaafu, mume na mke pamoja, kwa muda wa kuanzia miezi 6 hadi karibu miaka miwili. Wengine hutumwa nchi za mbali, wengine hubaki karibu na kwao. Hawalipwi mshahara. Wanakula akiba na pensheni yao wenyewe.

Katika kanisa lao kila mmisionari wa kiume huitwa Mzee, hata awe barobaro wa miaka 18. Jambo hili lilimpa taabu mlinzi wa lango letu. Akiambiwa kuna Mzee amefika, huuliza, "Mzee yupi? Huyu mzee wa kweli au wale wazee watoto?" Mwisho sote tukaafikiana kwamba wa kweli ni yule wa ghorofa ya chini, na mkewe tukamwita Mama kama tunavyowaita akina mama wote wa rika lake.

Nilidhani watakuwa wakibisha milango yetu wakihubiri. Wapi! Kazi ya kubisha milango ni ya vijana. Wazee hawa walikuwa na shughuli za aina nyingine. Saa kumi na mbili unusu asubuhi utawaona wakizunguka ua mara sita, wameshikana mikono. Baada ya kifungua kinywa huwasha gari, bwana akishika usukani na bibi akimkumbusha, "Kushoto! Kushoto!", maana kwao magari hupita upande wa kulia. Huenda kukagua nyumba wanamoishi wale vijana, mtaa baada ya mtaa. Wapi bomba linavuja? Nani hana neti ya mbu? Kodi ya mwezi huu imelipwa? Kijana akishikwa na homa usiku, simu hulia kwao, nao huamka kumpeleka hospitali na kuketi naye hadi kukuche. Mama aliniambia siku moja kwamba alidhani ametumwa kuokoa roho, kumbe ametumwa kuhesabu magodoro. Alisema hayo akicheka.

Jumatatu ndiyo siku ya vijana hao kufua nguo, kununua chakula na kupumzika. Basi fleti ya chini ilijaa viatu mlangoni kama nyumba yenye arusi. Walikuwamo Wakenya, Waganda, Wakongo na Wamarekani, wote wakila chapati alizofundishwa Mama kupika na mama yangu mzazi.

Hapo ndipo nimtaje mama yangu. Alikuwa mwalimu wa chekechea kule Kakamega, na alikuja kwetu mwaka 2021 nilipojifungua mtoto wangu wa pili. Alikuja kwa miezi mitatu. Miezi ikazaa miaka. Msomaji wa mjini anajua jinsi mambo haya yanavyokwenda: yaya anaondoka bila kuaga, mtoto anaumwa, kazini hakuna ruhusa, na nyanya yupo. Baba naye, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alibaki nyumbani na ng'ombe wake mmoja. Jioni walizungumza kwa simu.

"Mvua imenyesha?"

"Imenyesha."

"Ng'ombe?"

"Yupo."

Basi, simu inakatwa.

Urafiki wa mama na jirani ulianza vibaya kwa sababu ya chai. Mama alishuka na thamosi siku ya pili baada ya wageni kuhamia, kama ilivyo desturi. Akaambiwa kwa upole kwamba wao hawanywi chai wala kahawa; ni mafundisho ya kanisa lao tangu mwaka 1833. Mama alipanda ngazi na thamosi yake, amenuna. Mgeni asiyekunywa chai katika nchi inayokuza chai, ni mgeni wa namna gani huyo? Lakini wiki iliyofuata alijaribu uji wa wimbi, nao ukakubaliwa kwa mikono miwili. Tangu hapo saa nne asubuhi ilikuwa saa ya uji, na wahenga walipatikana wakweli: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama alimpa mwenzake mwiko.

Wamisionari tunaowasoma katika vitabu vya historia walikuja wakiwa vijana, na wengi waliacha maisha yao huku. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Kabla ya mwaka huo kwisha, Rosine na mtoto wao mchanga walikuwa wamekufa, na kaburi lipo Nyali hadi leo. Mwenzake, Johannes Rebmann, alifika mwaka 1846, akarudi kwao mwaka 1875 akiwa amepofuka macho. Barua ilichukua miezi. Majirani zangu, kinyume chake, walikuwa na bima, tikiti ya kurudi na simu yenye picha. Nairobi iko mbele ya Utah kwa saa 9 au 10 kutegemea majira, hivyo Jumapili usiku, sisi tukijiandaa kulala, wao walikuwa wakipiga gumzo na wajukuu ambao kwao bado ulikuwa mchana. Ukiangalia hivyo, utadhani umisionari wa siku hizi ni utalii.

Lakini gharama haijaondoka, imebadilika sura tu. Mjukuu wao wa kumi na moja alizaliwa Oktoba 2024. Walimwona kwenye kioo cha simu, mtandao ukikatikakatika, na Mama akawa anagusa kioo kwa kidole kana kwamba ni shavu. Kisha Februari 2025 dada yake, yule waliyefuatana kuzaliwa, akafariki dunia.

Mama hakusafiri. Alifuatilia mazishi kwa simu, usiku, amevaa nguo zake za kanisa, ameketi sebuleni Kilimani na mumewe. Asubuhi mama yangu alipopata habari hizo alishtuka mno. "Amefiwa, na sisi tumelala?" Kufikia saa kumi jioni alikuwa amekusanya wanawake wa jengo zima, pamoja na mama mboga wa pale langoni. Walishuka na viti, uji na mandazi, wakaketi. Yule Mmarekani hakuelewa. Alimwuliza mama anapaswa kufanya nini. Mama akamjibu, "Hufanyi chochote. Sisi ndio tunafanya. Wewe lia ukitaka."

Alilia. Akatuonyesha picha ya dada yake wakiwa wasichana, wamepanda farasi mmoja. Tuliimba, kila mmoja kwa dhehebu lake, na hakuna aliyeulizwa ubatizo wake. Wakati huo wote bwana alikuwa jikoni akiosha vikombe. Tulikuwa wanawake kumi na watatu, na kila kikombe kilipokwisha alikichukua, akakiosha, akakirudisha na uji. Mama mboga alinong'ona kwamba hajaona mwanamume akifanya hivyo tangu azaliwe, na kwamba akienda kumsimulia mumewe, ataambiwa Wazungu wamerogwa.

Usiku ule mama yangu hakuwasha televisheni. Tulikuwa tukichambua sukuma wiki ya kesho aliponiambia, "Mwanangu, yule mwenzangu ameacha wajukuu kumi na mmoja akaja na mumewe. Mimi nimemwacha mume nikaja kwa wajukuu. Wajukuu wake watamngoja, ndio kwanza wanakua. Baba yako ana miaka 71. Huyo hakui tena."

Sikuwa na jibu. Mama hakuwa akinilaumu. Alikuwa akinipa taarifa. Akaendelea kwamba yeye na baba walioana mwaka 1978, na kwamba katika miaka yote hiyo hawajakaa chini ya paa moja miaka mitano mfululizo. Kwanza alifundisha Bungoma na baba Kakamega. Kisha baba akahamishwa Turkana. Kisha wakastaafu, wakakaa kidogo, na mimi nikajifungua.

Najua si kila jambo la wale majirani linafaa kuigwa. Wapo katika jengo letu waliouliza, tena kwa haki, kwa nini nchi iliyojaa makanisa kila kona iletewe wamisionari zaidi. Mimi mwenyewe nililelewa katika dhehebu jingine na sijahama. Nilimwuliza bwana swali hilo, naye akasema hakuja kwa sababu Wakenya hawamjui Mungu. Alikuja kwa sababu alipostaafu alianza kutazama televisheni tangu asubuhi, na akaona atakufa akiwa mzima. Jibu hilo si la katekisimu, lakini nililielewa.

Tena tusisahau kwamba ni mstaafu mwenye akiba nzuri anayeweza kujilipia mwaka mzima ughaibuni. Mstaafu wetu ana karo ya mjukuu, ana dawa za shinikizo la damu, na pensheni huchelewa. Hayo yote ni kweli. Lakini kushikana mikono kuzunguka ua hakuhitaji pensheni. Kuosha kikombe hakuhitaji pensheni. Wale wawili walikuwa na ugomvi wao pia. Sakafu zetu ni nyembamba na tuliwasikia wakibishana kuhusu njia na kuhusu nani aliyepoteza funguo. Asubuhi ya pili, saa kumi na mbili unusu, walikuwa uani.

Mei 2025 hekalu la kwanza la kanisa lao nchini liliwekwa wakfu hapa Nairobi, nao wakashinda huko siku nyingi wakisaidia. Julai muda wao wa miezi 18 ukaisha. Mama wa Utah alimwachia mama yangu sufuria zake zote, na mama akamfungia kilo mbili za unga wa wimbi.

Mwezi uliofuata mama alipanda basi la usiku kwenda Kakamega. Haikuwa rahisi kwetu. Yaya wa kwanza alikaa wiki mbili, wa pili siku nne. Huyu wa tatu yupo, ingawa mshahara wake na karo ya chekechea vimetulazimu kuuza gari na kurudi kwenye matatu. Mume wangu sasa ndiye anayemchukua mtoto Ijumaa, na watoto hupelekwa kwa nyanya shule zikifungwa. Nyumba imekuwa na kelele zaidi na nidhamu pungufu. Tunaishi.

Ewe unayekaribia kustaafu, jenga vyumba vyako, panda miti yako. Lakini mwulize pia mwenzako, kabla kiinua mgongo hakijafika, ni kazi gani mtakayoifanya wawili. Isiwe lazima ng'ambo, wala isiwe lazima ya kanisa. Baba na mama wameanza kufundisha watoto wa jirani kusoma, Jumamosi, chini ya mti wa mparachichi. Yeye anafundisha herufi, baba hesabu.

Wiki ya kwanza, nasikia, waligombana kuhusu chumvi, kisha kuhusu redio ambayo baba huiwasha saa kumi alfajiri. Juzi nilipiga simu kuuliza hali. Mama akanijibu, "Baba yako amejua kusonga ugali. Kuosha sufuria bado. Tunaendelea naye."