Picha ya Kale Ikirudiwa

Msomaji mwema, mwambie mtu kwamba picha ya sinema aipendayo itatengenezwa upya, utaona uso wake ukibadilika mara mbili. Kwanza utang'aa, kwa sababu jina la mpendwa limetajwa. Kisha utakunjamana, kwa sababu mpendwa huyo sasa yumo mikononi mwa mgeni. Nani ataiongoza? Nani atathubutu kusimama mahali pa mwigizaji yule? Kwa nini wasiiache kama ilivyo? Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, nami ni mmoja wa watu hao wenye nyuso mbili. Picha yenyewe ni Nosferatu, iliyotengenezwa Ujerumani na F. W. Murnau, ikaonyeshwa mjini Berlin mwezi wa Machi 1922.

Ni picha ya kutisha, na habari zake ni za mnyonya damu. Usimdhanie kuwa ni mumiani, ambaye wazee wetu walitishwa kwa jina lake walipokuwa watoto. Mumiani wa hadithi zetu ni mtu hai mwenye tamaa, atafutaye damu ya wenzake ili iuzwe iwe dawa. Mnyonya damu wa Ulaya ni maiti. Mchana hulala katika jeneza lenye udongo wa kwao, na usiku huamka kuwaendea walio hai, maana bila ya damu yao hawezi kudumu. Katika picha ya Murnau maiti huyo ni kabaila aitwaye Orlok, akaaye peke yake katika ngome milimani. Kijana mmoja, Hutter, anatumwa na dalali ili amwuzie nyumba katika mji wa Wisborg. Orlok anakuja mjini kwa merikebu, pamoja na majeneza na panya, na tauni inashuka pamoja naye. Ellen, mke wa Hutter, anamkomesha kwa kumweka karibu naye usiku kucha mpaka jogoo anawika na jua linachomoza. Orlok anatoweka kama moshi; Ellen naye anakufa.

Niliiona mara ya kwanza nilipokuwa nikisomea ualimu, katika kioo kidogo cha kompyuta. Ni picha bubu. Hapana sauti ya mtu, ila muziki na maandishi machache. Mwigizaji wa Orlok, Max Schreck, hana unywele kichwani. Masikio yake yamechongoka, meno yake ya mbele ni kama ya panya, na kucha zake ni ndefu kupita kiasi. Hakimbilii mtu wala hapigi kelele. Kuna mahali ambapo yeye mwenyewe haonekani kabisa. Ni kivuli chake tu kinachopanda ngazi, mkono umenyooshwa kuuelekea mlango. Kivuli hicho kilinizuia usingizi, nami nilikuwa mtu mzima.

Basi mwaka 2015 ilipotangazwa kwamba Mmarekani mmoja, Robert Eggers, angeitengeneza Nosferatu upya, mimi na wenzangu niliokuwa nikizungumza nao mambo ya sinema tulipata la kubishania kwa miaka mingi, kwa kuwa picha yenyewe haikutoka mpaka Desemba 2024. Wengine walitumaini. Walisema Eggers ni mtu wa bidii, mwenye kuchungua vazi, nyumba na lugha ya wakati anaousimulia, na kwamba kazi hii haikuwa ya kibarua kwake: alipokuwa angali mwanafunzi wa sekondari aliiigiza hadithi hii jukwaani pamoja na wenzake. Wengine waliona shaka. Hofu yao kubwa haikuwa kwamba picha mpya ingekuwa mbaya, kwa maana picha mbaya husahauliwa. Walichelea kwamba ingekuwa nzuri kiasi cha kuifunika ile ya kwanza, na vijana, wakisikia jina la Orlok, wasimjue Schreck tena.

Hofu hiyo siidharau. Naifahamu kutokana na kazi yangu: nimeona wanafunzi wanaojua hadithi kwa muhtasari wake tu, wakaridhika. Lakini ukitaka kulinda kitu, yafaa ukijue asili yake, na asili ya Nosferatu itakustaajabisha.

Ile ya kwanza yenyewe ilikuwa ni kurudia. Mwaka 1897 Bram Stoker, mwenyeji wa Ireland, alitoa kitabu chake kiitwacho Dracula. Watengenezaji wa Nosferatu walikitwaa kisa hicho, wakabadilisha majina na mahali, wala hawakuomba ruhusa. Stoker alikuwa amekwisha kufa mwaka 1912, lakini mjane wake, Florence, alikuwa hai, naye hakunyamaza. Alishitaki. Kampuni iliyotengeneza picha ilikuwa imefilisika, na fedha za kumlipa hazikupatikana. Mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziangamizwe. Tunaiona leo kwa sababu nakala kadhaa zilikwisha fika nchi nyingine, na hazikukamatwa. Nionavyo mimi mjane yule alikuwa na haki, nami hufurahi kila mara kwamba haki yake haikutimia. Wewe, msomaji, ungehukumu vipi?

Tena, picha tunayoililia si ile iliyoonekana Berlin. Watu wengi wa rika langu tuliijua kwa nakala nyeusi na nyeupe zilizochakaa, ambamo Orlok anatembea mjini na jeneza lake kwapani, na jua linawaka waziwazi. Tulicheka. Kumbe kamera za siku zile hazikuweza kuona gizani, kwa hiyo mambo ya usiku yalipigwa mchana, kisha nakala zikatiwa rangi: samawati kwa usiku, manjano kwa mchana na mwanga wa taa. Wahifadhi wa picha wamekwisha kuirudisha rangi hiyo. Walakini nimemsikia mtu akilalamika kwamba rangi hizo zimeiharibu Nosferatu yake!

Na jambo moja kubwa zaidi. Mwulize mtoto yeyote leo ni kitu gani kimwuacho mnyonya damu, atakujibu: jua. Katika kitabu cha Stoker, Dracula hutembea mchana mjini London. Nguvu zake hupungua tu. Kifo cha jua kilitoka katika picha ya Murnau, katika ile kazi iliyoamriwa iangamizwe. Mrudiaji alikiongezea kisa jambo ambalo mwenye kisa hakuliwaza, na tangu hapo hadithi zisizohesabika zimelichukua kama mali ya wote.

Kabla ya Eggers alitangulia Werner Herzog, Mjerumani, mwaka 1979. Yeye alizaliwa mwaka 1942, na amepata kueleza kwamba kizazi chake kilikuwa kama watoto wasio na baba katika sanaa, kwa sababu ya aibu ya utawala wa Hitler. Ndipo wakawatafuta babu zao, na Murnau akawa babu. Katika picha yake mnyonya damu, aliyeigizwa na Klaus Kinski, ni mzee aliyechoka, anayelalamika kwamba kutoweza kufa ni adhabu. Huo ndio urudiaji ninaoupenda. Herzog alimsalimu babu yake kwa heshima, kisha akaketi na kusema neno lake mwenyewe.

Sasa picha ya Eggers. (Si ya wanafunzi wadogo, Marekani wenye umri chini ya miaka 17 hawakuruhusiwa kuingia bila mzazi au mlezi. Ile ya 1922 unaweza kuitazama.) Alichokiona ambacho wa kwanza hawakukitilia nguvu ni Ellen. Kisa kinaanza naye angali msichana, katika upweke wake, akiita usiku apate mwenzi, na anayemwitikia ni Orlok. Kwa hiyo mwishoni anapomkabili, hakabili balaa la kigeni lililoletwa na merikebu peke yake. Anakabili jambo lililokuwa naye tangu utoto. Lily-Rose Depp aliuigiza mzigo huo kwa mwili mzima, na hapo shaka zangu zilinyamaza.

Si zote. Orlok wa Schreck hana sauti, na kwa hiyo kila mtazamaji humpa sauti anayoiogopa zaidi. Bill Skarsgård, Orlok mpya, alifanya mazoezi na mwimbaji wa opera ili aishushe sauti yake mpaka chini kabisa. Ni sauti ya kutisha kwelikweli. Walakini ni sauti moja, na ile ninayoisikia mimi katika ukimya wa 1922 si hiyo. Tena katika picha mpya watu wanaeleza mno. Kuna msomi anayetufafanulia mambo ya mashetani, na kila alipofumbua kinywa nilitamani kile kivuli cha ngazini.

Lakini lililowachoma wapenzi wengi ni masharubu. Kabla ya picha kutoka, uso wa Orlok mpya ulifichwa katika matangazo. Ulipodhihirika, ukawa na masharubu makubwa kama ya makabaila wa zamani wa milima ile. Chuoni kwetu jambo hili lilizua mabishano darasani. Binti mmoja, ambaye ameitazama picha ya Murnau mara nyingi kuliko mimi, alisimama akasema, "Mwalimu, huyu si Orlok. Orlok hana masharubu. Wamemharibu."

Nikachukua kitabu cha Stoker, nikawasomea mahali ambapo Dracula anafungua mlango wa ngome yake kwa mara ya kwanza: mzee mrefu, amenyoa ndevu, lakini ameacha masharubu marefu meupe.

Binti akafikiri kidogo. "Basi, Mwalimu," akasema, "kumbe Murnau ndiye aliyemnyoa. Na alifanya vyema."

Darasa likagawanyika pande mbili, na kengele ya chakula ilipolia hapana aliyeinuka.