Walioomba Kungoja

Kila ninapoahirisha ubatizo wa mkatekumeni asiye tayari, wazazi hununa, nami hukumbuka chombo cha angani cha Wamarekani kilichoitwa Challenger. (Sisemi kwamba kila kukawia ni hekima, mara nyingine katekista ni mvivu tu.)

Chombo kile kiliundwa ili kiende na kurudi mara nyingi. Hata roketi zake mbili za kando zilishuka baharini kwa miavuli, zikaokotwa, zikafunguliwa na kuchunguzwa kabla ya kutumiwa tena. Ndivyo wahandisi walivyogundua, baada ya safari ya Januari 1985 iliyofanyika wakati wa baridi, kwamba masizi yalikuwa yamepenya mpira wa kwanza wa kuziba maungio. Vyuma vilivyorudi vilikuwa vimetoa ushuhuda.

Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, kulipokuwa na baridi kali, Roger Boisjoly na wahandisi wenzake walisihi safari ingojee joto. Lakini ilikwisha kuahirishwa mara kadhaa, na wakubwa wao, baada ya kushauriana kando, wakaondoa pingamizi. Kesho yake, sekunde 73 baada ya kuruka, chombo kilivunjika, watu wote 7 wakafa. Mmoja alikuwa mwalimu, Christa McAuliffe, aliyekusudia kufundisha kutoka angani. Wanafunzi wa shule yake walikuwa wakitazama kwenye televisheni.

Mimi niliyesomea ualimu, darasa lile halinitoki moyoni. Jumapili ijayo mama mmoja ataniuliza tena habari za mwanawe. Nitamjibu: bado, mama.