Nasaha za Wazee na Miaka Minane ya Anne Elliot



Ualimu haumwachi mtu hata akistaafu, basi nimeombwa niandike juu ya kitabu. Nimechagua riwaya ya Kiingereza, Persuasion, yake Jane Austen, iliyotoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya mwandishi kufariki. Vijana wetu waliosoma hapa Uingereza huenda wanaijua. Wazee wataona ni habari ya barazani kwao.

Kisa ni hiki. Anne Elliot ni binti wa Sir Walter, bwana mkubwa wa Somerset, mwenye ukoo kichwani na madeni mfukoni. Mama yake amekwisha kufa. Alipokuwa na miaka 19 Anne alipendana na Frederick Wentworth, afisa wa jeshi la majini, kijana asiye na mali. Baba akaona ni fedheha. Lakini aliyeivunja posa hasa ni Lady Russell, shoga wa marehemu mama yake, aliyempenda Anne kama mwanawe. Alimnasihi kwamba kijana hana kitu na kesho yake haijulikani. Anne akatii. Wentworth akaondoka na hasira zake.

Baada ya miaka minane mambo yamegeuka. Sir Walter, kwa madeni, amelazimika kuipangisha nyumba yake, na mpangaji ni Admiral Croft, shemeji yake Wentworth. Wentworth naye amerudi kapteni, na pauni 25,000 alizozipata vitani. Wanaonana majumbani mwa watu, wanaamkiana kama wasiojuana.

Sisi husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeisomesha methali hiyo miaka mingi na bado naiamini. Jane Austen ameipima pande zote mbili. Yuko Louisa Musgrove, msichana anayesifiwa na Wentworth kwa kushika lake. Huko Lyme, Wentworth mwenyewe anamkataza asiruke tena kutoka ngazi za gati. Yeye akaruka, akaanguka, akazimia. Huyo hakusikia. Anne alisikia, na ujana wake ukapita akihudumia shida za wenziwe.

Basi lipi sawa? Mwisho wa kitabu Anne anamwambia Wentworth kwamba hakukosea kumtii Lady Russell, maana alisimama mahali pa mama. Lakini anaongeza kuwa yeye hatampa mtu nasaha kama ile. Heshima haikumfunga macho. Hapo nawaomba wazazi wasome mara mbili.

Nawaomba vijana wasome ukurasa unaofuata. Wentworth anakiri kuwa Lady Russell hakuwa adui wake peke yake. Adui mwingine alikuwa kiburi chake. Mwaka 1808 alikwisha kupata fedha kidogo na meli ya kuongoza. Lau angaliandika barua, Anne angalikubali. Hakuandika. Kwa hesabu hiyo, katika miaka minane, miwili ni ya mzee, na sita ni yake mwenyewe.

Hesabu hii huniijia kila ninapoitwa kwenye kikao cha posa. Sisi tuliacha nyumba na mashamba, tukaja na ukoo, ndiyo maana twaushika kwa mikono miwili. Kijana akileta posa hapa, simu zinapigwa Unguja, Muscat na Dubai: huyu wa nani, babu yake nani? Kuuliza si vibaya. Ubaya ni kinachofuata baada ya kukataa.

Katika ukoo wetu iko posa iliyokataliwa zamani, na majina siyataji. Wale vijana kila mmoja alipata wake, na leo wana wajukuu. Waliobaki na ugomvi ni ndugu wawili wa tumbo moja, waliokosana kwa ajili yao. Katika hitima walikaa pembe mbalimbali, wala hawakusemezana mpaka mmoja akazikwa. Aliyebaki hana wa kumpelekea barua.

Wentworth hatimaye aliandika yake, Anne akiwa na miaka 27, na ilifika. Kwa hiyo, jamaa zangu, mwenye ndugu asiyesemezana naye kwa sababu ya harusi iliyofanyika au isiyofanyika, na afungue kurasa za nyuma za kitabu hiki. Namba za simu za jamaa zimepangwa humo.