Masazo ya Mavuno

Watu wengi hudhani kwamba Waingereza hawana sikukuu kubwa ila Krismasi na Pasaka. Lakini Uingereza ilikuwa nchi ya wakulima kabla ya kuwa nchi ya viwanda, na hapo kale mwaka wa wakulima hao ulikuwa na sikukuu zake. Tarehe 1 Agosti, ngano ya kwanza ilipokwisha kuvunwa, mkate wa unga mpya ulipelekwa kanisani kubarikiwa. Mavuno yote yalipokwisha, gari la mwisho lilipambwa kwa matawi na kuletwa nyumbani kwa nyimbo, na masuke ya mwisho yalisukwa mfano wa mtu, yakahifadhiwa. Usiku ule mwenye shamba aliwaandalia vibarua wake nyama na pombe, na bwana na mtumishi wakala pamoja.

Hata hivyo, desturi iliyowafaa maskini kuliko zote haikuwa karamu hiyo, bali ilikuwa kuokota masazo. Katika vijiji vingine mganda mmoja uliachwa umesimama shambani, uwe alama kwamba mwenyewe hajamaliza kukusanya. Ulipoondolewa, wanawake na watoto waliingia kuokota masuke yaliyoanguka. Kengele ya kanisa ililia asubuhi kuifungua kazi na jioni kuifunga, ili mwenye nguvu asimtangulie mjane au mama mwenye mtoto mchanga. Masuke hayo, yakiisha kupurwa na kusagwa, yaliweza kuwapatia watu wa nyumba moja mkate wa majuma mengi. Maskini hawakuyahesabu kuwa sadaka. Waliyahesabu kuwa haki yao, kwa kuwa Torati ilimkataza mwenye shamba kuyakusanya masazo, na kila mtu alikijua kisa cha Ruthu katika shamba la Boazi.

Mwaka 1787 mwanamke mmoja, Mary Houghton, aliokota masuke katika mashamba ya James Steel huko Timworth, Suffolk, naye Steel akamshtaki. Mwaka 1788 majaji watatu kati ya wanne walikata shauri kwamba sheria ya Uingereza haimpi mtu haki ya kuokota masazo katika shamba la mwenzake. Ni hisani tu ya mwenye mali. Jaji wa nne alikataa kukubaliana nao, lakini wengi walishinda.

Hukumu iliandikwa mjini, lakini desturi ilikaa vijijini. Kwa muda wa miaka mingi baada ya hapo, kengele ziliendelea kulia na wanawake waliendelea kuinama mashambani. Kilichoimaliza hasa desturi hiyo ni mashine. Zilipokuja mashine za kuvuna na kupura, vibarua walipungua, na karamu ya bwana na watumishi ikapungua pamoja nao.

Sikukuu yenyewe ilipata makao mengine. Mwaka 1843 kasisi Robert Stephen Hawker, wa Morwenstow katika Cornwall, aliwaalika watu wake kanisani kumshukuru Mungu kwa mavuno. Desturi hiyo ikaenea Uingereza yote, na wamisionari wakaileta hata Afrika ya Mashariki, ambako makanisa mengi huiadhimisha. Huko Uingereza watu wa mijini, wasio na hata tuta moja la viazi, huleta vyakula vya makopo madhabahuni, na baada ya ibada vyakula hivyo hupelekwa kwa wazee na wahitaji.

Basi fungu la maskini halikupotea kabisa. Lilitoka shambani likaingia kanisani. Lakini ipo tofauti, na mkulima ataitambua upesi. Mjane wa zamani aliinama akaokota mkate wake kwa mikono yake mwenyewe, wala hakuhitaji kumwambia mtu ahsante. Wa leo hungoja aletewe. Wahenga walisema kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini kuacha masuke machache nyuma, na kuondoka shambani bila kugeuka kutazama ni nani atakayeyaokota, huo ni moyo mkubwa zaidi.